Ndugu Yenu Katika Imani

Mwenzangu tulimwita Mtaalamu, na jina hilo alijipa mwenyewe, maana nani mwingine angempa? Tulikuwa mafundi vibarua wawili, tumetumwa ugenini kufufua tanuri la mkate. Tukalifufua kwa siku tatu: mimi nimelala chini, masizi mpaka kwenye meno, yeye amesimama juu, anashika tochi na kutoa mawaidha.

Siku ya mwisho mwokaji akafuta unga mikononi, akasema, "Mafundi, namtaka mmoja wenu abaki hapa, ajira ya kudumu. Njooni nyumbani jioni tule, mama yangu awaone. Mimi siajiri mtu ambaye mama hajakaa naye."

Ajira ya kudumu! Miaka kumi na moja nazunguka na kisanduku cha spana kama konokono na nyumba yake. Siku hiyo nilioga mara mbili.

Njiani Mtaalamu akaninong'oneza, "Hawa ni Waislamu. Niachie mimi."

"Na sisi si Waislamu, ubaya uko wapi? Tumealikwa kula, hatukualikwa kuoa."

"Ndiyo maana wewe utazikwa na spana mkononi."

Mlangoni akaitoa salamu kwa koo zima, hadi jirani akachungulia dirishani. "Asalaam aleikum! Mimi ni ndugu yenu katika imani!" Siku tatu, kila mwokaji alipokwenda msikitini adhuhuri, nyuma yake ndugu huyo alipanda juu ya magunia ya unga akakoroma. Lakini mwokaji wa watu hakulijua hilo; alimkumbatia kama pacha wake aliyepotea.

Mimi nikasema ukweli: si Mwislamu, ila njaa ninayo. Bibi, mama yake mwokaji, kikongwe mdogo mwenye macho ya karani wa mahakama, akacheka. "Karibu, mwanangu. Kaa hapo kwenye kochi. Kuku anamalizikia."

Adhana ya magharibi ikasikika. Mtaalamu akaenda kutawadha, akarudi amelowa mpaka soksi. Sebule yenyewe ilikuwa finyu: kochi, meza, na jokofu refu lililokosa nafasi jikoni.

"Leo tuna mgeni," mwokaji akasema kwa furaha. "Ndugu, tuswalishe wewe."

Uso wa Mtaalamu ukazima kama tanuri lililokatiwa umeme. "Mimi? Hapana, mwenye nyumba ndiye..."

"Ruhusa tumekupa," Bibi akasema, akamkabidhi mikeka ikiwa imekunjwa. "Tandika, baba. Magharibi haina muda mrefu."

Hapo ningeweza kumwokoa. Ningesema tu mwenzangu ana tumbo la kuendesha. Badala yake nikakunja nne, nikaegemea kochi. Sinema kama ile haina kiingilio.

Akatandika, akavuta pumzi, akainua mikono, akasimama wima mbele ya jokofu.

Jokofu likanguruma.

"Baba," Bibi akasema polepole, "mgeni huuliza kibla ni wapi kabla hajatandika. Hata shehe, kwenye nyumba asiyoijua, huuliza."

"Sisi... madhehebu yetu ni tofauti kidogo."

"Madhehebu gani hayo yanayoelekea maziwa na nyanya?"

Mwokaji akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Jikoni mkewe akaangusha kifuniko cha sufuria. Mimi nilicheka mpaka machozi, mpaka Bibi aliponigeukia.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

"Ukanyamaza?"

"Nilitaka nione atafika wapi."

Akamtazama mwanawe. "Mmoja anadanganya, mwingine anavuta kiti atazame. Tanuri likishika moto, yupi atakuita?"

Mwokaji aliigeuza mikeka kuelekea dirishani, akaswalisha mwenyewe, sisi wawili tukabaki kwenye kochi kama mizigo iliyosahaulika stendi. Ajira ilikuwa imeshatoka mlangoni, hata viatu haikuvaa.

Kuku akaja. Bibi akanipakulia paja, akampakulia Mtaalamu paja la pili. "Kuleni. Kazi mmekosa, chakula hamjakosa. Ukweli mngeusema, kuku angekuwa huyu huyu."

Paja lile nililitafuna kama mpira wa baiskeli. Mtaalamu, ambaye siku aibu inagawiwa sijui alikuwa wapi, alisafisha mfupa, akalamba vidole vyote vitano, akanyoosha sahani.

"Bibi, na ile shingo, ina mwenyewe?"