Kila Mtu na Neno Lake

Mzee Urbani wa Kingerikiti alikuwa mbishi, na siku ile ubishi wake aliuchukua wote. Madaktari wa macho kutoka ng'ambo walikuwa wanafunga kambi yao kwenye kituo cha afya kule ufukweni Nyasa, na wagonjwa walikuwa wamemchagua yeye atoe shukrani. Kwa Kiingereza, jamani. Kiingereza chenyewe alikiacha darasa la saba.

Angekataaje? Mkewe, Bonifasia, miaka minne alikuwa haoni, anashikwa mkono hadi chooni. Asubuhi hiyo walimfungua bandeji, akamtazama mumewe, akasema, "Umezeeka, baba Leopold." Urbani alilia mbele za watu wala hakuona haya.

"Soma hapa, baba mkubwa," alisema Hilda, binti wa mdogo wake, mwalimu wa Kiingereza kule Kitai, aliyemwandikia karatasi. "Thank you, kind doctors, nurses and cleaners."

"Hiyo kind ndiyo wenye huruma?"

"Ndiyo."

"Mbona iko moja? Watu ni wa aina tatu."

Hilda alimweleza taratibu. Kiswahili chetu kinavisha kila jina sare yake: daktari mzuri, kitanda kizuri, mashuka mazuri. Mzungu hana muda huo. Anaweka kivumishi kimoja mbele, nomino zinajipanga nyuma, kinazitosha zote.

"Na huyu mfagiaji wa mwisho, kinamfikia?"

"Kwa kawaida kinamfikia. Inategemea na anayesikiliza."

"Basi mimi simtegemei," alisema Urbani.

Alikuwa na sababu. Siku ya upasuaji wanaume walizuiwa mlangoni mwa wodi. Aliyemshika Bonifasia mkono, akamlisha uji, akamtania mpaka akacheka, ni mfagiaji mmoja anayeitwa Luisa. Sasa Bonifasia anaona, na tangu asubuhi anamuulizia amshukuru uso kwa uso. Kila mara anajibiwa yuko nyuma huko, anafua mashuka. Na gari la kuwarudisha wagonjwa lilikuwa linaondoka saa nane, pamoja na la madaktari.

Urbani alisimama, karatasi akaikunja mfukoni.

"Thank you, kind doctor," akamwonyesha kwa mkono. "Kind nurse. Kind driver. Kind cook."

Akaenda hivyo hivyo, mtu mmoja mmoja, hadi mlinzi wa getini. Mshereheshaji akatazama saa. Hilda akatazama viatu vyake, maskini, mwalimu mzima. Mzee wala hakujali. Alipowamaliza waliokuwa mbele yake aligeukia nyuma ya jengo, akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya bonde.

"Kind cleaner! Kind Luisa!"

Mwanamke mwembamba akatokea pembeni, mikono imejaa povu, akidhani anagombezwa.

"Shikamoo, mzee. Mashuka bado kidogo tu."

Bonifasia aliijua sauti ile. Akainuka. Hilda akataka kumshika mkono, Bonifasia akausukuma, akavuka ua peke yake, mpaka akasimama mbele ya Luisa, akamshika mashavu kwa viganja viwili na kumtazama muda mrefu.

"Kumbe ndiye wewe, mwanangu," alisema. "Asante. Asante sana."

Dereva akapiga honi. Bonifasia akaendelea kumtazama.