Lampu au Transista

Kwa siku arobaini na tatu hedfoni za Théodore zilikuwa zimelala mezani chini ya kitambaa cha jikoni. Kila asubuhi mwenyewe alikinyanyua kitambaa, akazitazama, akakirudisha. Hazikuwa na kasoro yoyote. Kilichokufa ni amplifaya yake. Jioni moja umeme ulirudi mtaani Muhumba kwa hasira baada ya kukatika mchana kutwa, kile kisanduku kikatoa kishindo kidogo na harufu ya mpira unaoungua, basi, kwisha kazi.

Nazo hazikuwa hedfoni za kuchomeka kwenye simu. Ndani yake mlikuwa na utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na utando huo haukukubali kutikisika mpaka upewe volti mia tano na themanini kutoka kwenye amplifaya iliyoundwa kwa ajili yake tu. Bila hiyo zilikuwa pambo tu. Théodore alizinunua kwa daktari mgeni aliyekuwa akirudi kwao, na mkewe Delphine alimcheka wiki nzima: mwanamume mzima, mhadhiri wa hesabu, amekwenda sokoni kununua masikio.

Delphine alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yao, Larissa, alikuwa Ulaya, mjini Liège. Nyumbani alibaki Théodore na ukimya, na ukimya wa nyumba aliyowahi kukaa Delphine haukuwa ukimya wa kawaida. Mtu aliweza kuusikia hata akiwa anaoga.

Jumamosi asubuhi sauti ya Larissa iliingia kwenye simu.

"Papa, nimepata ampli mbili, zote za occasion, zilishatumika. Moja ni ya transistor, iko mwepesi. Ingine ni ya lampe, iko muzito sana, na zile lampe zinawaka kabisa sawa mu radio ya zamani. Valise yangu ya safari itabeba moja tu. Minafunga leo jioni, uniambie mbele. Uliza tonton Akonkwa, anakupita kwa hii mambo."

Théodore aliisikiliza mara mbili, kisha akafanya lile analofanya mhadhiri wa hesabu anapokwepa jambo: akachora jedwali. Safu ya lampu, safu ya transista. Joto, uzito, umri, utamu wa sauti. Akasoma mtandaoni maoni ya wasikilizaji wa Ulaya, ambao walikuwa wakitukanana bila haya. Hawa waliapa kwamba lampu huipa sauti mwili na damu. Wale wakawaita hawa washirikina. Alitoa alama, akajumlisha, zikatoka sawasawa. Akaongeza alama moja upande wa lampu, akaona aibu, akaifuta.

Aliyestahili kuulizwa aliishi mtaa wa Bagira, na Théodore alikuwa amekula kiapo cha moyoni kwamba hatakanyaga kwake tena.

Akonkwa alikuwa fundi wa redio. Kwa miaka kumi na minane alikuja Muhumba kila Jumamosi, akipita mlango wa jikoni bila kubisha, akiuliza kwanza chakula na kisha muziki. Hedfoni zilipofika walizigawana: nusu ya wimbo huyu, nusu yule, halafu ugomvi mpaka giza liingie juu ya nani amesikia nini. Baadaye kazi ikawa haba, Akonkwa akaenda Mwenga kutengeneza mashine kwenye machimbo ya dhahabu. Delphine alifariki yeye akiwa huko. Habari ilimfikia, Théodore alihakikisha imemfikia.

Siku tatu watu walikaa matanga chini ya turubai. Langoni paliwekwa meza, na juu ya meza daftari, kila anayeingia aandike jina lake ili wafiwa wajue baadaye ni nani aliyesimama nao. Wageni walipotawanyika Théodore alilisoma daftari lile mara tatu, ukurasa kwa ukurasa, kidole juu ya mstari. Lilikuwa na jina la muuza makaa. Lilikuwa na majina ya wanafunzi aliowafelisha. La Akonkwa halikuwamo. Simu mbili za Akonkwa zilizofuata hakuzipokea, ya tatu haikuja.

Saa nane mchana alipiga moyo konde, akapanda pikipiki hadi Bagira. Njiani alijiambia kwamba anakwenda kuuliza habari za amplifaya. Haikuwa kweli, na alijua. Alimkosa Akonkwa kuliko alivyokosa muziki, na alitaka, kabla hajafa peke yake katika nyumba ile, amwone mtu huyo akiona haya.

Akonkwa alikuwa barazani kwake, ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Théodore alisalimu, hakujibiwa. Akasalimu tena, kimya. Alikuwa karibu kugeuka arudi zake pale Akonkwa alipoinua kichwa na kushtuka.

"Ah, prof. Kuya huku, upande huu. Hii sikio ya kushoto ilikufa. Kelele ya compresseur, zile mashine za Mwenga."

Prof. Zamani alimwita Théo. Théodore akaketi upande wa kulia, kwenye kiti cha plastiki, akatoa simu na kueleza shida yake kwa adabu kama mtu aliye mbele ya dirisha la benki. Akonkwa alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akazitazama picha zote mbili kwa muda mrefu, akizikuza kwa vidole, akiguna.

"Chukua ya transistor," alisema.

"Juu ya nini?"

"Juu ya courant, hii umeme yetu. Hauchague sauti hapa, unachagua courant. Uweke stabilisateur mbele yake, ya kutuliza courant, itaishi. Siku ikikufa, imekufa, hakuna mutu hapa wa kuitengeneza. Utaitupa, utakuwa hausumbue mutu."

"Na ya lampe?"

"Ile itakuwa mugonjwa kila mara. Inafunguka, naweza kuitengeneza. Lakini utakuwa unaileta huku Bagira kila mwezi." Alimrudishia simu. "Ya transistor, prof."

Hapo Théodore aliona safu ambayo jedwali lake lilikuwa limeisahau. Amplifaya moja ingemtosha peke yake. Nyingine ingemlazimisha kuja hapa, kwenye kiti hiki. Na mtu mwenyewe alikuwa amekwisha mchagulia ile ya kumweka mbali.

"Haukukuya kwa Delphine," alisema.

Akonkwa alitega sikio lake zima. "Unasema?"

"Haukukuya! Nilisoma cahier mara tatu. Jina yako haiko!"

Akonkwa aliweka bisibisi chini. Alimtazama kwa namna ambayo Théodore hakuitazamia, maana haikuwa na haya hata chembe.

"Cahier," alisema polepole. "Cahier ni ya bageni, Théo. Mimi nisimame kwa lango yako niandike jina? Kwa nyumba ya Delphine? Mimi?"

Akonkwa alisogeza redio kando.

"Barabara ilikuwa imekatika. Nilitembea siku mbili kwa miguu. Nilipita nyuma, kwa jikoni, sawa siku zote. Maman Consolate, jirani yako, alikuwa anapika, akanionyesha chumba. Nikafungua mulango." Akavua miwani. "Ulikuwa umekaa kwa kitanda, umenipa mugongo, na casque kwa kichwa. Batu banalia inje, wewe uko unasikiliza muziki. Nikakuita. Nikakuita tena. Nikafunga mulango, nikarudi Mwenga."

Théodore aliikumbuka alasiri ile, ya siku ya tatu. Aliwaambia wazee kwamba anajinyoosha kidogo, akafunga mapazia. Nje wanawake walikuwa wakiimba, na kila walipolitaja jina la Delphine alihisi kama mtu anamvua ngozi. Alivaa hedfoni, akaongeza sauti mpaka jina lile likazama. Alikaa hivyo saa nzima, mume wa marehemu, huku watu wengine wakimlilia mkewe kwa niaba yake. Hakuwahi kumwambia yeyote. Alidhani hakuna aliyeona.

Miaka miwili alikuwa amelea kinyongo kwa uangalifu, akikilisha na kukinywesha, na kumbe hakikuwa chake. Mwenye haki ya kununa alikuwa huyu hapa, na alipiga simu mara mbili hata hivyo.

"Nisamehe," alisema.

Akonkwa alikuwa amerudia redio yake, na kwa kuinama sikio lililokufa ndilo lililomwelekea Théodore. Neno lilipotea. Théodore hakupata nguvu ya kulirudia. Mama mmoja alipita na beseni la ndizi kichwani, akawasalimu wote wawili kwa pamoja, nao wakaitika kwa pamoja. Simu ikatetemeka mfukoni: Larissa alikuwa akiuliza kama amekata shauri.

"Ile siku," Akonkwa alisema bila kuinua macho, "ulikuwa unasikiliza nini?"

Théodore alifungua mdomo ajibu. Alikitazama tena kichwani mwake chumba kile, pazia, kitanda, mikono yake juu ya magoti, kamba ya hedfoni ikiteremka hadi kwenye kisanduku. Alitafuta sauti. Alitafuta hata ala moja tu, ngoma, gitaa, mtu akiimba. Yeye ambaye angeweza kubishana hadi usiku juu ya kikohozi kimoja cha mpiga tarumbeta hakupata kitu.

"Sikumbuke," alinong'ona.

"Sema kwa nguvu."

"Sikumbuke!"

Ilitoka kama ukelele. Watoto waliokuwa wakicheza uani walinyamaza, na mlango wa jirani ukafunguka kidogo. Théodore alikuwa akilia, kwa sauti, bila kujifuta, jambo ambalo hakulifanya chini ya turubai wala makaburini Nyantende.

Akonkwa hakumshika bega wala hakumtazama. Alikaza skurubu moja, akaijaribu kwa kidole, akakaza nyingine. Jirani aliufunga mlango wake taratibu.

"Ile ya lampe," Akonkwa aliuliza, "iko na kilo ngapi?"