Kosa la Kompyuta ya Ndani Kabisa

Saa tatu na nusu asubuhi mtambo ulizima kwa mara ya tatu, na bosi wetu, ambaye kwa maswali yake tunamwita Bwana Kwanini, akavua miwani. Akivua miwani, ujue kuna mtu atafukuzwa.

"Wateja wanafika saa nne," alisema. "Ukizima mbele yao, dada, wewe na mimi basi tena."

Kazi yangu ni ngumu kumweleza mtu harusini. Ndani ya kompyuta ya kweli naendesha kompyuta ya kuigiza, na ndani ya hiyo, nyingine. Ya ndani kabisa ikikosea, tuseme imegawanya namba kwa sifuri, prosesa, ubongo wa kompyuta, husimama na kupiga ukelele. Ukelele hufika kwanza kwa ile ya nje, yaani ya kweli, lakini mwenye kuushughulikia ni ya kati, mlezi wa mkosaji. Programu niliyoiandikia ya nje ilikuwa inajitwisha kesi yenyewe, inachanganyikiwa, inakosea nayo, kisha inazima na wote waliomo.

Nilijua ugonjwa huo nimeutoa wapi. Kwetu mtoto wa kaka akikosa soksi, hamwambii mama yake, anakwenda kwa bibi. Wifi akiudhiwa na kaka, kwa mama. Mimi nina miaka thelathini na minne, na nikigombana na bosi, kwa mama vilevile. Naye hupokea kesi zote. Nimeandika programu kama nilivyolelewa! Aibu ilinishika.

Nikaongeza mistari minne: kosa likija, uliza kwanza ni la nani. Kama si lako, mpe mlezi wake, ukae kimya.

Wateja walipoketi, nikaiamuru ya ndani igawanye kwa sifuri. Ukelele ukapigwa, ya nje ikaupitisha, ya kati ikamaliza kesi. Hakuna kilichozima. Wateja wakapiga makofi.

Walipotoka, simu ikaita. Mama.

"Bosi wako kanipigia asubuhi. Eti nikuseme, unamharibia kazi."

Namba ya mama niliijaza mwenyewe kwenye fomu ya dharura ya kazini. Nikamgeukia Bwana Kwanini. Alikuwa anakagua dari.

"Ukamjibu nini, mama?"

"Nimemwambia: 'Baba, huyo ni mtu mzima na yuko hapo mbele yako. Mwambie mwenyewe.'"

Sijawahi kumsikia mama akikataa kesi. Nilicheka huku machozi yananitoka.

"Na wewe," akaongeza, "jioni usije ukaniletea kesi yake."

Nikakata simu, nikavuta kiti mbele ya Bwana Kwanini.