Ubeti wa Mwenye Jiwe

Mama Linah, jirani yangu hapa mtaa wa Pioneer, anasema alimsikia marehemu mama yake akiimba nyuma ya mabafu ya ploti. Anasema jua lilikuwa limewaka, yeye anachagua maharagwe mlangoni, sauti ikaja: wimbo wa Kibukusu wa kusaga wimbi, ule ule wa mama yake, na jiwe likisikika chini yake, shwa, shwa. Mama yake alizikwa mwaka jana. Anasema alimwaga maharagwe yote akaanza kukemea pepo kwa jina la Yesu.

Aliyekuwa nyuma ya mabafu ni mimi, nafua sare za watoto.

Nilimwacha awahadithie wamama wote kwa bomba, ndio nikamwita kwenye karai langu, nikamwambia polepole kwamba ni mimi.

"Wewe, Waiyego? Mkikuyu mzima? Kibukusu ulitoa wapi?"

"Kibukusu sina. Niko na wimbo tu."

Nikamweleza. Nikiwa darasa la sita, Mwalimu Mabonga, Mbukusu, alikuwa anatufundisha kuimba wimbo huo kila Ijumaa mchana. Alitupigisha magoti sakafuni, kila msichana na nusu tofali badala ya jiwe la kusagia, tunasukuma, tunarudisha. Tofali likichelewa, wimbo unalala. Mvua ikipiga mabati tulikuwa tunaimba kwa nguvu kuishinda, masweta yananuka unyevu. Vumbi jekundu liliingia hadi kwa soksi, na mama yangu akauliza kama siku hizi shuleni tunafundishwa ujenzi. Wazazi wengine walikuja kulalamika kwamba wimbo hauulizwi kwa mtihani. Mwalimu aliwasikiliza, akawashukuru, na Ijumaa tukapiga magoti tena.

Hesabu za mwaka huo zilinitoka zamani. Lakini nikishika nguo ya kufua, mikono yenyewe inaanza.

Mama Linah aligeuza ndoo akaikalia.

"Jumamosi tunaenda nyumbani kumfanyia mama kumbukumbu," akasema. "Mimi ndiye kifungua mimba. Wanangoja nianzishe huo wimbo, na mimi najua kuitikia tu. Nilipelekwa shule ya bodi nikiwa mdogo. Nikinyamaza hapo, basi mama amezikwa nao."

Nikamwimbia. Yeye akawa ananipa maana: wimbi ni kavu, mkono umechoka, mgeni yuko njiani. Kumbe miaka hiyo yote kulikuwa na mgeni njiani na mimi sijui.

"Endelea," akasema.

"Imeishia hapo. Ubeti wa mwisho haufundishwi. Mwalimu alisema ni wa mwenye jiwe, kila mama anatia maneno yake. Darasani kila mtu alitunga wake. Mimi nilimwimba ng'ombe wetu aliyeuzwa."

"Ng'ombe?"

"Nililia hata. Mwalimu akaniambia nirudie, alikuwa ameupenda."

Akacheka kidogo. "Na mama alikuwa anatia nini?"

"Si wewe ndiye ulikuwa hapo."

"Sikuwa nasikiliza," akasema. "Nilikuwa nangoja uji."

Maji kwenye karai yalikuwa yamepoa.

"Basi nitungie wewe," akasema. "Mistari miwili tu. Weka kwa Kiswahili, nitageuza mwenyewe."

Nikachukua shati la Kuria, mtoto wangu, nikaanza wimbo upya, nikisugua polepole ili anifuate. Alinifuata vizuri, na sauti yake ni nzito kuliko yangu. Tulipofika pale mwisho nikafunga mdomo, mikono ikaendelea.

"Waiyego," akasema, "nitungie, tafadhali."

Shwa, shwa. Nikaendelea kusugua, nikimwachia nafasi atie wake.