Kelele Iliyokatika

Kila Eligio aliposhika gongo la besiboli kupiga mpira, mama yake, Doña Ercilia, alizima redio. Moyo wake haukuweza kuvumilia. Alikaa mlangoni akausikiliza mtaa, maana mji mzima wa San Pedro husikiliza besiboli redioni, na mwanawe akiupeleka mpira nje ya ukuta, watu hupiga kelele mpaka mbwa wanajificha. Miaka ishirini alipata habari zake hivyo. Katika ligi yao hakuna aliyewahi kuvusha mipira mingi kama yeye.

Lakini msimu uliopita kelele zilikuwa chache, na msimu huu ndiyo kabisa. Hata kudaka hawakumpanga tena. Alikaa benchi akingoja zamu ya kupiga. Ercilia hakuomba mengi. Alitaka kuisikia kelele ile mara moja tu, kabla mwanawe hajaacha.

Jumapili moja mtaa ukalipuka, "Huyooo!" Ercilia akainuka. Mara sauti ikakatika, kama watu wamezibwa midomo.

Jirani yake, Mamerto, akachungulia uani. "Umesikia, Doña? Fahali wako huyo!"

"Mpira umevuka?"

"Aa... umevuka vizuri tu. Mimi namtafuta kuku wangu."

"Mamerto, kuku uliacha kufuga tangu mkeo akukimbie. Kuku gani huyo?"

Mamerto akarudisha kichwa chake.

Jioni Eligio alikuja, akala wali na maharage. Kisha akasema, "Mpira ulidakwa ukutani, mama. Na mimi nilishaanza kutembea nikidhani umevuka, nimeinua mkono kuwapungia watu. Mkono ule sikujua niuweke wapi."

"Ungejikuna kichwa."

Akacheka, kicheko kikaisha upesi. "Zamani mpira kama ule ulikuwa unavuka. Labda mwakani, nikilipumzisha hili goti..." Akamtazama mama yake kama alivyomtazama utotoni, akiomba ruhusa ya kwenda kucheza kwenye miwa.

Ercilia alijua neno lake moja lingetosha kumrudisha uwanjani. Mwaka mmoja zaidi wa kukaa mlangoni. Alilitamani neno hilo.

"Goti lilikuuma leo?"

"Hapana."

"Basi si goti, mwanangu."

Eligio akainamia sahani. Mama akamwongezea wali ambao hakuuomba, akasogeza kiti karibu naye. Nje watu walikuwa bado wanabishana juu ya mpira ule, mmoja akiapa kwamba ingekuwa mwaka juzi ungeangukia baharini. Wakakaa wote wawili, wakimsikiliza.