Katikati ya Ngazi

Kabla ya mapambazuko kifuniko cha birika kilitetemeka gizani, nami nikanong'ona sambamba nacho: "Hoteli hii ilijengwa na mjane, muuza vitambaa..."

Binti yangu akafumbua jicho moja. "Mama, unaongea na chai?"

"Naomba kazi, mwanangu."

Leo nilikuwa najaribiwa. Nikifaulu kuwa mwongoza wageni, ningeaga usafi wa zamu ya alfajiri. Asubuhi ningemwamsha mwenyewe, si kumwacha usingizini kwa jirani. Na jirani leo alikuwa mgonjwa, basi tukaenda sote hotelini.

Meneja alisimama nyuma ya wageni, mikono kifuani. Maneno yangu niliyapanga kwa Kiswahili cha darasa la jioni: jinsi mjane yule alivyomtaka mwashi ajenge ngazi pana, anayepanda na anayeshuka wapishane pasi na mmoja kumpisha mwenzake. Kisha nikatangulia kupanda, nimemshika binti yangu mkono.

Nilipogeuka, wageni wote walikuwa wamejibana ukutani, mmoja nyuma ya mwingine kama siafu. Walifuata nyayo zangu, nami nilikuwa nimepanda nilivyozoea. Sisi wa usafi hupanda tukiambaa ukuta. Katikati ni kwa wageni.

"Dada," meneja akasema, "unatutembeza au unatutorosha?"

Wakaangua kicheko. Nikacheka nami, nikasogea katikati.

Loo! Ngazi hizi nilizijua kwa goti na kitambaa, lakini kuziona, sikuwahi. Vishikio vyake viwili vya mbao vilipinda vikakutana juu, kama mikono inayompokea mtoto. Matao yalipokezana mwanga wa kuba, yakaumwaga sakafuni ukiwa na rangi ya asali. Mwashi alikusudia jicho lisimame hapa, hapa hasa. Niliyoyakariri yakaniruka, nikasema nilichokiona, na nyuso zikainuka moja baada ya nyingine.

Bibi mmoja akapapasa kishikio. "Mbao za zamani hivi, zinang'aa utadhani za jana. Nani anazitunza?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Mikono yangu iliyochubuliwa na sabuni ilitafuta pa kujificha. Nani atamsikiliza tena mwongozaji aliyekuwa akipiga deki hapa jana? Nikamtazama meneja, naye akanitazama.

Binti yangu akaachia vidole vyangu, akasema kwa sauti iliyofika kwenye kuba:

"Mama yangu ndiye anayezing'arisha."