Winchi na Misuli Asiyoijua

Katika chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Winchi. Mashuka yaliyolowa, ambayo wenzake waliyabeba wawili wawili, yeye aliyatoa kwenye mashine peke yake na kuyabwaga kwenye toroli huku akiwatania, "Nyie leo mmekula hewa?"

Hakuna aliyejua kwamba kwa miezi minane, kila ikifika alasiri, alihisi kitu kizito kikimshuka huko chini. Mtoto wake wa tatu alikuwa ndiyo kwanza anatembea. Akadhani mwili umezembea tu. Akajiunga na kikundi cha mazoezi cha akina mama, akaruka kamba, akajikunja tumbo mara hamsini, pumzi ameibana. Siku ya nne, akioga asubuhi, mkono ukagusa uvimbe laini ukichungulia. Akakaa kwenye sakafu ya bafu, maji yakimmwagikia kisogoni.

Mficha uchi hazai. Yeye alikuwa amezaa watatu na bado anaficha. Asubuhi ile alimweleza daktari. Kibofu na kizazi vilikuwa vimeshuka kidogo, daktari akasema, kisha akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mwembamba mwenye raba nyeupe.

Mtaalamu alimlaza, akampaka mafuta baridi chini ya tumbo, akaweka kifaa cha kupigia picha. Kioo cha mashine kikajaa kijivu.

"Hiki cheusi ni kibofu chako. Mstari mweupe chini yake ni misuli inayokibeba. Kaza, kama unazuia mkojo na ushuzi kwa mpigo."

Winchi akakaza matako, mapaja, hata taya. Mstari ukashuka.

"Unasukuma, dada. Legeza vyote hivyo. Toa pumzi polepole, halafu vuta kwa ndani, kuelekea juu."

Akatoa pumzi. Akavuta. Na pale kwenye kioo, mstari mweupe ukajikunja, ukapanda, ukakiinua kibofu kizima kama kiganja kinavyoinua tunda. Akalegeza, ukatua. Akavuta tena, ukapanda tena. Ngozi ikamsisimka hadi utosini. Miaka thelathini na minne alikuwa akiishi juu ya kitu hiki, kimebeba mimba tatu na toroli zisizohesabika, na hakikuwahi kupewa hata shikamoo.

"Ni mimi huyo?" alinong'ona.

"Sasa nani mwingine?"

"Vyote vitarudi mahali pake?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Ila kwa wengi ule uzito hupungua misuli ikipata nguvu. Usipopungua, njia nyingine zipo. Kila siku kaza, kisha legeza kabisa. Ukinyanyua kitu, nyanyua huku unatoa pumzi. Kuruka acha kwanza, tembea. Ukihisi kunashuka, pumzika."

Kazini akaomba wa kusaidiana naye. "Winchi imeharibika?" wakamcheka.

"Imeingia gereji," akajibu, akashika upande wake wa shuka, akatoa pumzi, akanyanyua.

Mwezi wa kwanza hakuona tofauti. Wa tatu, alasiri moja, akagundua kazi imekwisha na hajaukumbuka hata mara moja ule uzito wa huko chini.

Jumapili mama yake alikuja kumtembelea, akamkuta chali kwenye mkeka, magoti juu.

"Mwanangu, usingizi gani huu wa mchana?"

Akamweleza. Mama akakunja mkoba wake mapajani.

"Changu kilishuka nilipomzaa mdogo wako," akasema. "Nikajifunga kitambaa, nikaendelea kulima."

Mdogo wake alikuwa na miaka thelathini na moja. Winchi alimtazama mama yake kana kwamba anamwona mara ya kwanza. Miaka yote hiyo, majembe yote hayo, ndoo zote zile.

"Wiki hii nakupeleka kwa daktari, mama."

"Tutakwenda. Lakini kwanza nionyeshe."

Akajilaza, magoti yakilia ko, ko.

"Toa pumzi. Sasa vuta ndani, kama unazuia ushuzi mbele ya mkwe."

Mama akaangua kicheko, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena. Ghafla kicheko kikakatika. Macho yakamtoka.

"Kumbe ipo!" akasema. "Bado ipo!"

"Ipo, mama."

"Ngoja, usinisemeshe." Akafumba macho, akatoa pumzi ndefu, akavuta.